Mbele ya Dada Hakuna Utani

Siku matokeo ya uchaguzi yalipotoka, Lesieli Fakava ndiye aliyeyasoma redioni. Alipofika kwenye jina la Sosaia Fakava, mbunge mpya wa jimbo la magharibi, alilisoma kama alivyosoma majina mengine yote: jina, jimbo, kura, kisha akapita. Jioni ile ile simu za kituo cha Fetu'u zikaanza kulia. Mmoja alisema mtangazaji amelitamka jina la kaka yake kwa sauti ya asali. Mwingine akasema la, ametabasamu; redio haina picha lakini tabasamu limesikika. Mama mmoja wa mtaa wa Kolofo'ou alitaka kujua kama Fetu'u sasa ni redio ya ukoo wa Fakava, aambiwe mapema ahamie kituo kingine.

Lesieli alikuwa ameripoti bunge la visiwa vya Tonga, mjini Nuku'alofa, kwa karibu miaka kumi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye mawaziri walimjua kwa namna alivyokaa kimya baada ya jibu lao, mpaka wao wenyewe waone haya na kuongeza jambo ambalo hawakukusudia kulisema. Hakuna aliyewahi kumwambia ana upande. Na kilichomfanya acheke kwa uchungu usiku ule ni kwamba yeye na kaka yake walikuwa hawazungumzi kabisa.

Si kwamba waligombana. Walikuwa dada na kaka, basi. Tangu Lesieli alipovunja ungo, Sosaia alihamishiwa kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo mmoja akiingia sebuleni mwingine hutoka. Hawakukaa mkeka mmoja wala kutazama televisheni pamoja, na utani ulikwisha. Sosaia alipokuwa na neno alimwambia mama yao, naye mama akalifikisha. Kila msimu alimletea dada yake viazi vikuu vya kwanza na nguruwe aliyenona kuliko wote, kwa sababu kwao dada ndiye mkubwa kwa heshima hata kama ni mdogo kwa umri. Baba yao alipofariki waliomboleza wiki nzima chini ya paa moja, na yote waliyoambiana yasingejaza kiganja. Kila Mtonga analijua hili, maana kila mmoja ana dada au kaka wa kumpisha mlangoni. Lakini ilipofika habari ya redio, wote walilisahau.

Serikali mpya ilipoundwa, Sosaia akapewa wizara ya barabara na bandari. Asubuhi yake Mateaki, mwenye kituo na mhariri wake, alimwita Lesieli ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya usingizi, na huruma yake ilikuwa inaonekana kwa kuchelewa.

"Keti, Lesieli."

"Nikikaa utaniambia jambo baya."

"Hata ukisimama nitakuambia lilo hilo."

Akakaa.

"Ni habari ya kaka yako," Mateaki alisema.

"Sijazungumza naye tangu Krismasi. Na hiyo Krismasi alisema chakula kiko tayari, tena alikuwa anamwambia mama."

"Najua. Mimi nina dada wanne, usinifundishe. Lakini msikilizaji hajali kama mnazungumza. Anasikia Fakava anamripoti Fakava. Huo ni mgongano wa maslahi hata kama maslahi yenyewe hayapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utashika soko, kilimo, kwaya za makanisa na tahadhari za vimbunga."

"Na bunge?"

Mateaki aliangalia dirishani. "Vika."

Vika Moala alikuwa ameletwa Fetu'u akiwa binti mbichi asiyejua hata kipaza sauti kinashikwa vipi. Lesieli ndiye aliyemnoa. Alimwonyesha jinsi ya kusikiliza pumzi ya mtu anayetaka kudanganya, jinsi ya kuingia ukumbini mapema ili aone nani anamsalimia nani, jinsi ya kunyamaza. Alimfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kuchukua kiti chake, na hilo Vika hakuhitaji kufundishwa, alipewa. Alikuwa na sauti nyepesi na kicheko cha karibu, na watu walipenda kumweleza mambo.

"Dada Lesi, sikukiomba," Vika alimwambia siku ile, akiwa amesimama na daftari kifuani.

"Nani kasema ulikiomba? Chukua. Ukifika bungeni usikae safu ya nyuma, feni haifanyi kazi."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Ilimchukua wiki chache tu kugundua kwamba moyo wenyewe haukuwa mweupe kiasi hicho. Kila Vika alipotoka na gari la kituo kwenda bungeni, Lesieli, aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu, alijikuta akihesabu mabegi, akitazama viatu vya mwenzake, akijiuliza kama na yule mtoto atakaa kimya vizuri baada ya jibu. Alianza kumwonea gere. Alijua jina la hisia hiyo, na kulijua hakukumsaidia.

Kisha ikaja ile siku ya mahojiano.

Vika alirudi kutoka kwa waziri, akamwekea Lesieli vidude vya masikio mezani. "Nisaidie kukata, dada Lesi. Upepo umeingia kwenye sauti, na mimi sina masikio yako."

Lesieli akavaa. Upepo ulikuwepo kweli. Kisha akamsikia kaka yake.

Alikuwa akicheka. Si kile kicheko kifupi cha mheshimiwa kwenye sherehe, bali kicheko kilichoanzia tumboni na kukosa breki. Halafu akaanza kumwiga mchungaji Havili, mzee wa kanisa la utotoni kwao, aliyekuwa na pengo, kila akisema Sayuni mluzi unatoka. Lesieli aliganda. Zamani, kabla ya kibanda cha nyuma, Sosaia alimwigia mchungaji huyo huyo chini ya meza ya jikoni, naye akajikojolea kwa kucheka. Tangu hapo hakuwahi kumsikia tena akimwiga mtu yeyote.

Sosaia akaendelea. Akamsimulia Vika jinsi baba yao alivyotaka kugombea ubunge, akaandaa hotuba, na kwa kuwa alikuwa na haya ya watu akaenda kuifanyia mazoezi bandani, mbele ya nguruwe. Sosaia alimkuta huko amejifunga kiunoni mkeka wa heshima unaovaliwa siku kubwa, mkono mmoja hewani, nguruwe wamekaa kimya kama baraza. Baba alimwapisha asimwambie mtu.

Lesieli hakuwa analijua hilo. Baba yake mwenyewe alikuwa ametaka ubunge, naye, aliyekesha na mambo ya bunge miaka yote hiyo, alikuwa analisikia leo kwenye vidude vya masikio, likielezwa kwa mtoto wa Moala.

"Mbona umenyamaza?" Vika aliuliza. "Sauti mbovu?"

"Hii ya nguruwe umeiweka ya nini?"

"Si ndiyo sehemu nzuri yenyewe."

"Haina habari ndani yake. Ikate."

"Watu wataipenda, dada Lesi."

"Nimesema ikate."

Vika hakuikata, na watu waliipenda. Simu zilipigwa mpaka mchana. Huyu Vika anajua kuhoji, walisema, anamtoa mtu alivyo. Mzee mmoja akasema sasa Fetu'u imetulia, imepata mwandishi asiye na upande. Lesieli alikuwa mezani pake akiandika bei ya majimbi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, tanuri la ardhini lilikuwa limefunguliwa na nyumba nzima ikanukia majani ya majimbi na tui. Lesieli alikuwa jikoni nyuma na mama yake. Nyumba ya mbele alikuwepo Sosaia, kwa hiyo yeye hakuwa na safari ya kule.

Mama akajaza sahani. "Hii ni ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mwenzako wa kazini."

Mama akaondoka na sahani. Lesieli alisogea kwenye vioo vya dirisha, akainama kidogo. Vika alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja upande, gauni jeupe la kanisani. Kiunoni alikuwa amefungwa mkanda wa kusuka wa heshima, kama wanawake wanavyojifunga kanisani, wenye nyuzi ndefu na maua madogo ya magome. Lesieli aliujua ule mkanda. Ulikuwa wa mama yake. Ulikaa kwenye sanduku lenye vidonge vya kafuri na haukutoka ila kwa harusi na misiba. Sosaia alimmegea Vika nyama kwa mkono wake mwenyewe, akasema neno, Vika akaficha mdomo kwa kiganja.

Mama aliporudi alimkuta Lesieli anamenya majimbi.

"Umempa mkanda wako."

"Alikuja kiuno kitupu. Ulitaka nimwache aaibike mbele ya watu?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini unalikata jimbi kama umelikamata linaiba." Mama alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Kaka yako ana miaka arobaini, Lesieli. Yule mwanamke wake wa Auckland ndiyo kashabaki huko. Mwache apate mtu."

"Apate. Nani kamzuia?"

Kesho yake kazini alimsubiri Vika anywe chai yake kwanza.

"Chakula cha jana kilikuwa kitamu?"

Vika akawa mwekundu mpaka shingoni. "Ilikuwa kazi, dada Lesi. Alikuwa ananieleza ramani ya barabara."

"Siku ya Jumapili?"

"Ramani hazina Jumapili."

Lesieli alikiri moyoni kwamba jibu lilikuwa zuri. Angemfundisha mwenyewe asingelipata zuri zaidi.

Na ramani kweli ilikuwepo. Lesieli aliisikia sokoni kutoka kwa akina mama wa vijiji vya mashariki waliokuja na mananasi yaliyopondeka. Barabara yao ilikuwa mashimo matupu. Mvua ikinyesha hugeuka dimbwi, basi la shule hurudi, mazao huozea shambani. Waliahidiwa lami kabla ya msimu wa mvua. Mashine zilifika, zikapiga kambi, mafundi wakachora chokaa. Halafu asubuhi moja zikaondoka.

"Zimekwenda wapi?" Lesieli aliuliza.

Mama mmoja akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Unatuuliza sisi? Si zimekwenda kwenu Lotofua. Tunadhani unaendeshwa juu ya lami sasa hivi."

Alipofuatilia alikuta ni kweli. Lotofua, kijiji walichozaliwa yeye na Sosaia, kilikuwa kinatengenezewa barabara kwanza. Alirudi mbio, akamkuta Vika.

"Muulize waziri kwa nini Lotofua imetangulia mashariki."

"Nitamuuliza."

Na Vika aliuliza, haki yake apewe. Lesieli alisikia redioni jioni ile. Vika aliuliza swali zima, halikukosewa hata neno. Sosaia akajibu, "Vika, gari la mama yangu halina springi hata moja. Kila akienda kanisani anafika ameshatubu njiani." Ukumbi mzima ukacheka, Vika akacheka, na swali likafa hapohapo kwa furaha ya wote. Ndivyo alivyokuwa Sosaia. Hakuwa mwongo, alikuwa anachekesha, na mtu akishacheka anaona aibu kurudia swali.

Lesieli alikwenda moja kwa moja kwa Mateaki.

"Vika anapendana na waziri."

Mateaki alifumbua macho yote mawili. "Umeona nini?"

"Nimemwona kwetu, amefungwa mkanda wa mama yangu. Anakula kwa mkono wa Sosaia. Halafu anakwenda kumuuliza maswali na watu wanasema hana upande. Mimi nisiyemjua hata sauti nimeondolewa, yeye ndiyo aachwe?"

"Unaniambia hivi kama mwandishi au kama dada?"

"Kama mwandishi."

"Mwandishi angeanza na habari ya barabara," Mateaki alisema. "Wewe umeanza na mkanda."

Alimwita Vika hata hivyo. Walikaa humo ndani muda, na Vika alipotoka alipita mezani kwa Lesieli macho makavu. Alikuwa amemwambia Mateaki kwamba ni kazi tu.

"Ungeniuliza mimi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuuliza. Ukanipa ramani."

Mkutano wa waziri na waandishi ulikuwa Alhamisi. Lesieli hakutumwa. Alitoka wakati wa chakula cha mchana, akatembea njia nzima ya ufukweni, na kila hatua alijiambia anakwenda kwa ajili ya akina mama wa mananasi. Alipofika mlangoni akasikia kicheko kutoka ndani, cha kaka yake juu na cha Vika chini yake, vimeshikana. Hapo akajua hakuja kwa ajili ya mananasi. Alikuja kukizima kile kicheko.

Akafungua mlango, akaingia.

Sosaia alikuwa mbele, mezani, mkeka umefungwa vizuri kiunoni, mkono umeinuliwa katikati ya kisa. Alimwona dada yake. Mkono ukashuka. Kisa hakikumalizika. Waandishi waligeuka kutazama nini kimeingia, na walipoona ni nani wakaelewa bila kuambiwa. Mmoja aliyekuwa amekunja miguu juu ya kiti aliishusha. Kila mtu mle ndani alikuwa na dada au kaka, na kila mtu alijua kwamba hawa wawili hawapaswi kuwa chumba kimoja kwa shughuli ya namna hii. Vika, safu ya mbele, alishika kalamu bila kuandika.

Mwendesha mkutano, afisa mmoja wa wizara, alikohoa. "Kuna swali lingine?"

Lesieli alisimama. Hakumtazama Sosaia, alizungumza na mwendesha mkutano, kama adabu inavyotaka.

"Naomba mheshimiwa waziri aulizwe. Mashine za lami zilikuwa zimeshafika mashariki, na wataalamu ndio waliozipeleka. Zimeondolewa kabla ya mvua na kupelekwa Lotofua, alikozaliwa waziri. Nani aliamua, na kwa sababu gani?"

Akanyamaza. Alijua kunyamaza.

Aliona utani unakuja mdomoni kwa Sosaia. Midomo ilianza hata kujikunja. Kisha ukarudi ulikotoka. Mbele ya mtu yeyote nchini angetania, hata mbele ya mfalme angetafuta kamzaha ka heshima, lakini si mbele ya dada yake. Na bila utani Sosaia alikuwa mtu mwenye jibu moja tu. Alitazama meza. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mwambie mwandishi," alisema, naye pia akimwambia mwendesha mkutano, "kwamba niliamua mimi. Wataalamu walisema mashariki kwanza. Wazee wa Lotofua walikuja nyumbani, tukanywa kava, wakanikumbusha nani alinipigia kura. Niliona haya kuwakatalia. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Kalamu zilikimbia ukumbi mzima. Lesieli akasema ahsante kwa mwendesha mkutano, akatoka.

Fetu'u ililazimika kutangaza habari hiyo, na Mateaki aliisoma mwenyewe. Simu zililia siku tatu. Wengine walisema ndugu hao wamepanga mchezo ili waziri aonekane mkweli. Wengine walisema Lesieli ameiuza damu yake ili arudishiwe kazi. Mama wa Kolofo'ou alipiga pia, akasema yeye tangu mwanzo alijua, ila hakusema alijua nini. Mashine zikarudishwa mashariki, na Lotofua ikabaki na mashimo yake. Kanisani watu wa kijiji waliacha kumsogelea mama yake kwenye benchi. Alikaa na nafasi ya watu wawili kila upande, akaimba peke yake.

Shangazi yao Melenaite, dada wa baba, alikuja na fimbo yake bila kutanguliza salamu. Mbele yake hata Mateaki angesimama.

"Kaka yako angeweza kukataa kukujibu?" alimuuliza Lesieli.

"Asingeweza."

"Angeweza kukuongopea?"

"Hapana, shangazi."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Basi usiniambie ilikuwa kazi. Umempiga mtu aliyefungwa mikono, na kamba yenyewe ni heshima yako wewe."

"Barabara ilikuwa ya kweli, shangazi."

Shangazi alikaa, akapanga kanga ya miguuni. "Ilikuwa ya kweli," alikubali. "Ndiyo maana nimekuja na fimbo tu. Ingekuwa ya uongo ningekuja na ukoo mzima."

Viazi vikuu vilipokomaa Sosaia alileta vya kwanza kama kawaida, na nguruwe juu. Aliviacha kwa mama, bila lawama wala salamu. Lesieli aliviangalia vile viazi vilivyosuguliwa udongo mpaka vikang'aa, akatamani kaka yake angemtukana. Watu wanaotukanana angalau wamezungumza.

Vika naye hakusubiri kufukuzwa. Wiki ile ile aliingia kwa Mateaki akasema yote: kwamba wakati anaulizwa lilikuwa bado halijawa jambo, au alijidanganya hivyo, kwamba sasa ni jambo, kwamba hawezi tena kumhoji. Mateaki alijishika kichwa. Akachukua bunge mwenyewe, pamoja na unene wake na ngazi zile, na Vika akamrundika kwenye meza ya Lesieli: soko, kilimo, kwaya, vimbunga. Fetu'u ikawa na waandishi wawili wazuri wa siasa, wote wamekatazwa kugusa siasa, wanagombania kiti kimoja chenye mto.

Siku kadhaa hawakusemeshana ila kwa mambo ya bei. Mwishowe ni Vika aliyechoka. Walikuwa sokoni, mvua imewafungia chini ya bati la wauza majimbi.

"Ulikwenda kwa ajili ya barabara?"

Lesieli alifikiria kudanganya. "Hapana."

"Nilijua. Lakini swali lilikuwa zuri, ndiyo maana nimeshindwa kukuchukia sawasawa." Vika alikamua maji kwenye pindo la gauni. "Mimi nilimuuliza lile lile. Nyumbani nikamuuliza tena. Mara zote mbili alinichekesha mpaka nikasahau. Wewe umesimama mara moja tu akasema kweli tupu mbele ya nchi nzima. Unajua inavyouma? Mimi ndiye ninayempenda, na ukweli kakupa wewe."

"Kwangu hana pengine pa kukimbilia."

"Ndiyo hilo ninalosema. Kwangu anapo. Na kila siku maishani mwangu utakuwa juu yangu. Nikizaa, wanangu watakupigia magoti wewe kabla yangu. Akipata kitu kizuri kitapita kwako kwanza. Jina lako hata halitaji ovyo, analizungukazunguka kama kaburi la chifu."

"Mimi hajanichekesha tangu nikiwa mtoto," Lesieli alisema.

Walitazamana.

"Tubadilishane," Vika alisema.

Lesieli alicheka bila kutaka, kicheko kikamtoka puani, mwuza majimbi akageuka. "Hujui unachoomba. Tarehe ya harusi wameshapanga?"

"Mama yako kapanga. Wif..."

"Usithubutu."

"Sijasema."

"Ulikuwa unasema. Subiri kanisa liseme kwanza."

Kanisa lilisema mwezi wa tano. Yalikuja marobota ya mikeka na vitambaa vya magome ya miti vya kutosha kuufunika uwanja, na Lotofua nzima ilikuja, hata walionuna, kwa kuwa nguruwe walikuwa wengi. Lesieli aliketishwa juu, pembeni ya shangazi Melenaite, kwenye rundo la mikeka laini kuliko yote. Vika, ndani ya nguo nzito za bibi harusi, alishushwa akakaa chini mbele yao, na kipande cha kwanza cha keki kikapelekwa kwa shangazi na cha pili kwa Lesieli. Alikipokea taratibu, akakitazama, akala. Alifurahi kuliko inavyompasa Mkristo, na Vika, aliyeinua macho kidogo, aliiona furaha hiyo yote.

Jua lilipopoa wanaume walihamia upande wa pili wa ukuta wa majani kunywa kava, kile kinywaji cha mizizi, na vijana na bibi harusi wakawafuata. Juu ya mikeka wakabaki Lesieli, shangazi, na bibi mmoja kiziwi. Akasikia sauti ya Sosaia ikipanda, ikishuka, ikianza kuiga mtu. Maneno yenyewe hayakufika. Kisha wote wa upande ule wakaangua kicheko, na katikati yake akakitambua cha Vika.

"Kasema nini?" Lesieli aliuliza.

Shangazi Melenaite, aliyeketi upande wa ukuta na masikio yake mazima, alikuwa akijifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kitambaa.

"Yasiyokuhusu," alisema, akamsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Hii nyama ya mgongoni wamekuwekea wewe."